Albamu Isiyo na Kinanda

Bahati ndiye aliyenichokoza. Huyu ni dereva wetu wa lori, Mkongo wa Bukavu, na nusu ya vijana mnaobeba spika pale ghalani Etobicoke ni yeye aliyewatoa kanisani kwake. Akaniambia, "Papa Rajabu, unakaa tu pale Parkdale unaangalia neji kwa dirisha. Andikia batoto kitu." Neji ni theluji. Nikamwambia mimi shule niliiacha kidato cha pili, tena katikati ya kipindi cha hesabu, na mwalimu mpaka leo labda anadhani nimeenda chooni. Akasema ndiyo vizuri, wasomi wakiandika hawaeleweki.

Haya basi. Mishahara sigusi, na vyeo sina vya kusimulia, maana nilianza fundi nikamaliza fundi. Nitawaambia habari za woga. Nimefanya kazi ya jukwaa miaka yote hiyo huku naogopa, na siku niliyoogopa kuliko zote haikuwa siku ya umeme wala siku spika ilipodondoka karibu na kichwa changu. Ilikuwa siku ya kusikiliza albamu.

Bendi yenyewe nyinyi vijana mmeikuta mwishoni, kwa hiyo niwape kidogo. Ni wazee wa hapa hapa Toronto, wanapiga roki ya progresivu, wenyewe wanaikata wanaita progu. Kwa asiyeijua: wimbo wao mmoja ukianza, unaweza ukabandika wali, ukaiva, mkala, mkaosha na sufuria, na mpiga gitaa bado hajafika kwenye kiitikio. Mapigo yanabadilika kama mtu anayeshuka ngazi kwenye giza, hujui ngazi inayofuata iko wapi. Mashabiki hawachezi. Wanasimama wamekunja mikono, wanahesabu. Zamani walikuwa wanajaza viwanja vya hoki. Nilipofika mimi nywele zilishaanza kuwakimbia, lakini mashabiki walikuwa bado hawajawakimbia.

Mkubwa wao ni mpiga kinanda, Gordon. Mrefu, mkimya, anaongea kama maneno yanamchoma ulimi. Siku ya kwanza nilimwita Mzee, kwa adabu tu ya kwetu Tabora. Akauliza maana yake, nikamwambia, akakaa anafikiri, akasema sawa. Toka hapo bendi nzima ikawa inamwita Mzee. Mimi alikuwa ananiita Fundi. Kwa hiyo mimi na yeye tulikuwa tunaongea Kiswahili, maneno mawili.

Mimi niliajiriwa kubeba makasha. Ila baba yangu alikuwa fundi redio, nikajiona na mimi fundi kwa damu. Siku ya kwanza kabisa ghalani nikakuta ampu, ile mashine ya kukuza sauti, imefunguliwa mezani, waya haujachomekwa ukutani, nikasema ngoja niwaonyeshe hawa. Nikaingiza vidole. Kabla sijagusa kitu nikapigwa plaizi kwenye mkono, paa! Mama mmoja mfupi, Mpolandi, miwani imening'inia kifuani. Ndiye Mama Halina, fundi mkuu wa vinanda.

"Unataka kufa saa ngapi?" akaniuliza.

"Mama, si imechomolewa?"

Akachukua bisibisi yenye waya, akaigusisha ndani. Cheche ikaruka na mlio kama wa bunduki. Nikajikuta nimekaa sakafuni. Kumbe ampu za namna ile zinatunza umeme tumboni hata ukizichomoa, kama mtu anayetunza kinyongo.

"Umeogopa?"

"Sana, Mama."

"Vizuri. Asiyeogopa simfundishi. Simama. Mkono wa kushoto weka mfukoni."

Hilo ndilo somo la kwanza la kazi hii, vijana, na nataka mlishike. Ukifanya kazi kwenye kitu chenye umeme, mkono mmoja unakaa mfukoni. Umeme ukiingia mkono huu ukatokea mkono ule, njiani unapita moyoni. Ukitumia mkono mmoja utaungua, utapiga kelele, watu watakucheka, lakini kesho utakuja kazini. Suruali zangu zote mfuko wa kushoto ndio uliotoboka kwanza. Mke wangu, Mama Zuhura, alidhani nina kitu naficha. Nilikuwa naficha mkono.

Mama Halina alinifundisha kile kinanda kikubwa cha Mzee, kile cha mbao, kizito kama ng'ombe aliyegoma, chenye spika inayozunguka ndani ya kabati lake. Alinifundisha kukipaka mafuta, kukisikiliza kabla ya kukishika, na kukibeba bila kuuacha mgongo wangu jukwaani. Na alinifundisha springi. Kila kibonyezo cha kinanda kina springi yake chini. Ukiikaza, kibonyezo kinakuwa kizito, kinamrudishia mpigaji kidole chake. Ukiilegeza kinakuwa chepesi. Mzee alikuwa anapenda nzito. Akipiga, mbao inalia, na wewe uliyesimama nyuma na tochi unasikia meno yanacheza.

Sasa kuna Siku ya Makasha, ambayo naona mmeanza kuisahau. Albamu ikiisha kurekodiwa, kabla ya mtu yeyote wa nje, bendi inawapigia mafundi na wabebaji pale ghalani. Tunakaa juu ya makasha, wao wanasimama ukutani kama watoto walioitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Ikiisha, wa kwanza kusema ni fundi mkongwe kuliko wote. Hakuna mwingine anayefungua mdomo kabla yake. Mara moja Mama Halina alisikiliza mpaka mwisho, akawasha sigara, akasema, "Wimbo wa pili ufe." Ukafa. Hakuna aliyebisha.

Halafu Mama Halina akastaafu, akahamia kwa binti yake. Siku ya kuondoka akanipa plaizi zake, akanigonga nazo kwanza, ndipo akanipa. Nikaangalia huku na huku ghalani, nikagundua mkongwe ni mimi. Nilitaka kumkimbilia nimrudishie.

Miaka ikaenda. Siku moja Mzee akaja mezani kwangu peke yake.

"Fundi, zile springi. Zilegeze kidogo."

Nikalegeza. Baada ya ziara moja akarudi. "Kidogo tena." Nikalegeza. Akarudi tena. Safari hiyo niliinua macho nimtanie, nimwambie Mzee sasa kinanda kitapigwa na upepo. Nikaona mkono wake wa kulia. Alikuwa ameushika kwa wa kushoto, kama unavyomshika kuku asiruke. Aliniona nimeona. Akasema, "Usiulize." Sikuuliza. Nikalegeza.

Nyumbani nikamwambia Mama Zuhura, maana yeye anafanya kazi ya kutunza wazee huko huko Etobicoke. Akaacha kukatakata mchicha.

"Unatetemeka hata akiwa ametulia?"

"Hata akiwa ametulia."

"Baba Zuhura, mikono hiyo naiogesha kila siku. Hairudi." Akaendelea kukata. "Na wewe usiende kumletea utani wako."

Toka hapo nikawa naogopa kitu kipya. Kila onyesho, nimesimama nyuma ya kinanda na tochi yangu, siangalii tena waya. Naangalia mkono.

Ndipo ikaja hii albamu. Safari hii walirekodi nyumbani kwa mpiga ngoma, Mississauga, chumba cha chini, kwa kompyuta. Tulikipeleka kinanda, mimi na Bahati na vijana wawili, tukakishusha ngazi tukitukana kwa lugha zote. Nikakisafisha, nikakiunganisha. Kila nilipokwenda kukikagua nilikuta vumbi juu ya vibonyezo. Kinanda kinachopigwa hakina vumbi, kama kitanda kinacholaliwa. Nikafuta, nikaondoka. Nikirudi, vumbi. Nikawa fundi wa kufuta vumbi.

Siku moja mpiga ngoma akaniletea kitufe, kidogo kama cha kengele ya mlangoni, kina waya wa kuingia kwenye kompyuta. Mtu mzuri yule, mchangamfu, hajui kitu.

"Fundi, kwenye ziara wewe utabonyeza hapa, kinanda kitajipiga chenyewe."

"Na Mzee?"

"Mzee atakuwa pale pale, anapiga."

"Si umesema kitajipiga?"

"Ndiyo."

"Sasa yeye atakuwa anapiga nini?"

Akanipiga begani, akacheka, akasema siku hizi kila mtu anafanya hivyo, sauti inakuwa safi, na Mzee mwenyewe ndiye aliyetaka. Nikakiweka kitufe mfukoni. Kizito kweli, kitu kidogo vile.

Siku ya Makasha ilipofika theluji ilikuwa imefika magotini. Asubuhi nikaanza kumtania Mama Zuhura habari za chai yake. Akanikatisha, "Ukianza utani kabla hujanywa chai najua unaogopa. Nenda kaseme ukweli urudi." Binti yetu Zuhura, yule anayetuelewa sote lakini anajibu Kiingereza tu, akasema kwani si muziki tu wa vizee, nani anausikiliza? Nikasema mimi, mwanangu. Mimi ndiye nalipwa niusikilize.

Mlangoni ghalani Bahati alikuwa ananisubiri, pumzi inatoka kama moshi wa lori lake.

"Papa, minakuomba. Leo usilete mchezo. Sema iko muzuri, basi. Ukisema iko mubaya, patroni wa bendi wanaweza kufuta ziara. Ziara ikikufa, mimi na hawa batoto tunaenda wapi? Kiwandani kufunga kuku?"

"Na kama ni mbaya?"

"Ikuwe mubaya! Muziki mubaya unaua nani?"

Hapo ndipo palipokuwa na mtego, nyinyi muuone. Nikisema nzuri, naenda ziara nzima kubonyeza kitufe huku Mzee anapapasa kinanda kilichokufa mbele za watu waliompenda maisha yao yote, na siku wakigundua watamla mzima. Nikiuliza kinanda kiko wapi, namvua nguo mbele ya bendi yake, maana siri ya mkono tulikuwa tunaijua wawili tu, na Mama Zuhura na mchicha wake. Na kazi za vijana juu yake.

Tukakaa juu ya makasha. Wakapiga.

Nyimbo fupi, moja moja, kama vipande vya biskuti. Ngoma za mashine. Mwimbaji kasafishwa sauti mpaka anaimba kama mtu aliyevaa ndoo. Magitaa yanaomba radhi. Na pale kinanda kilipotakiwa kuingia, kinaingia kitu laini, kisicho na mbao, kisicho na meno, muziki wa kukusubirisha kwenye simu ya benki. Nikamwangalia Bahati, na yeye anaangalia viatu. Vijana walikuwa wananiangalia mimi. Nilitaka albamu isiishe. Kwa mara ya kwanza nikaomba wimbo wa progu uwe mrefu.

Ikaisha. Mzee yuko ukutani, mkono wa kulia ndani ya koti.

"Fundi," akasema.

Mkono wa kushoto ulishaingia mfukoni wenyewe, nikakuta unashika kile kitufe. Nikasema, "Mzee, nimesikiliza nyimbo zote. Kinanda changu sijakisikia. Kama kimepotea niambieni, nikitafute."

Mpiga ngoma akacheka, akafikiri ni utani. Mzee hakucheka. Akatoka akaenda nyuma, kule tunakotunza vyombo. Mlango ukajifunga taratibu, na ule utaratibu ulinitisha kuliko kama angeubamiza.

"Papa," Bahati akaninong'oneza, "umetumaliza."

Nilikwenda kule nyuma kwa sababu kukaa pale kulikuwa kubaya zaidi. Nikamkuta amekaa kwenye kinanda, tulichokuwa tumeshakirudisha toka Mississauga, hakijawashwa. Mkono wa kulia uko juu ya vibonyezo, unavigongagonga wenyewe, tk tk tk, kama mvua inayoanza juu ya bati.

"Uliona siku ile ya springi," akasema.

"Niliona, Mzee."

"Ulimwambia nani?"

"Mke wangu. Mke si mtu wa nje."

Kidogo atabasamu. Halafu akaniambia maneno mengi kuliko yote aliyowahi kuniambia. Kwamba akiamka asubuhi anauangalia mkono kabla hajaangalia saa. Kwamba albamu ile anaijua ni mbovu, hahitaji fundi kumwambia, ila kompyuta ilimpa mahali pa kujificha na akishaingia akashindwa kutoka. "Ninaogopa kukwama mbele yao," akasema.

"Mimi naogopa toka siku ya kwanza, Mzee. Mimi kuogopa ndiyo taaluma yangu. Mama Halina alisema asiyeogopa hafundishwi."

"Na alisema nini cha kufanya?"

"Alisema mkono mmoja mfukoni, mwingine ufanye kazi."

Siwezi kuwaambia nilikuwa na hekima yoyote. Nilisema tu la Mama Halina.

Mzee aliwaita wenzake akawaonyesha mkono. Mpiga ngoma alilia wazi wazi, mtu mzima. Albamu ilikuwa imeshaahidiwa, ikatoka hivyo hivyo, na ikaanguka hivyo hivyo. Mashabiki wetu wale wa kukunja mikono waliandika kwenye mtandao maneno ambayo siyatafsiri. Wengine waliandika kwamba bora wangestaafu. Nilikuwa nayasoma kwenye treni nikijisikia kama ni mimi niliyeimba ndani ya ndoo. Ziara ikafupishwa, ila haikufa, na Bahati alirudi kunisalimia baada ya muda. Na Mzee akasema kinanda kitapigwa cha kweli, kile cha mbao. Akanikataza nisiguse springi tena.

Onyesho la kwanza lilikuwa hapa mjini, Jumapili mchana, kwa sababu bendi na mashabiki wote siku hizi wanapenda kulala mapema. Wenzake walisisitiza kitufe kiwepo, kwa dharura. Nikakiunganisha kwenye kompyuta, nikakijaribu, kikafanya kazi, nikakijaribu tena. Kabla ya kupanda, Mzee akaja nyuma nilipokaa.

"Mkono ukikwama, usibonyeze."

"Sasa nikae nacho cha nini?"

"Wenzangu wataogopa wasipokiona." Akainama karibu na miguu yangu, nikadhani anafunga kamba ya kiatu, akapanda jukwaani.

Nusu ya kwanza ilikwenda. Alikuwa amehamisha nyimbo, kazi kubwa kaipa mkono wa kushoto, wa kulia unaingia pale unapoweza. Halafu ukafika ule wimbo mrefu wa zamani, wenye sehemu ya kinanda peke yake, ambayo kila aliyekuwa ukumbini anaijua kama anavyojua jina la mama yake. Bendi ikanyamaza kumpisha. Akapiga. Mbao ikalia, meno yangu yakacheza, nikasema hewala.

Katikati, mkono ukakwama. Niliona vidole vimekakamaa juu kama makucha, haviteremki. Kimya. Ukumbi mzima, na kabati la spika linazunguka bure, fuu, fuu. Mpiga ngoma akageuka akanikodolea macho: bonyeza! Mzee naye akageuka. Vijana, sikuwahi kuona macho yale. Alikuwa amesema nisibonyeze, na sasa macho yake yalikuwa yanasema kitu kingine. Yalikuwa yananiomba.

Kidole changu cha kushoto kilikuwa juu ya kitufe. Sikufikiri chochote cha maana. Nikautoa mkono, nikautia mfukoni, nikaubana na paja.

Mzee akaniangalia. Akaushusha mkono wa kulia polepole mapajani, kama anamlaza mtoto. Halafu akaanza upya na wa kushoto peke yake, chini kabisa, noti nzito, chache, na lile shimo la kimya akaliacha pale pale lilipokuwa, wala hakulifunika.

Karibu na mimi, nje ya uzio, kulikuwa na shabiki mwenye nywele za mvi alizozifunga mkia nyuma, na mikono imekunjwa. Akamwambia mwenzake, "Umeona hiyo? Kabadilisha mapigo. Jamaa ana akili ya ajabu." Mwenzake akatikisa kichwa kukubali, bado anahesabu.

Baada ya onyesho nikainama nianze kuchomoa. Waya wa kitufe ulikuwa umeshachomolewa. Ncha yake imelala sakafuni pembeni ya kiatu changu. Mimi, fundi mkongwe, nilitetemeka mbele ya kitufe kisichounganishwa na kitu.

Mzee akashuka ngazi. Nikamwonyesha ncha ya waya.

"Hukuniamini," nikamwambia.

"Wewe nilikuamini, Fundi. Mimi ndiye niliyejua nitakuomba."

Akanyoosha mkono anishukuru. Alinyoosha wa kushoto, wa kulia alikuwa ameutia mfukoni. Kwetu Tabora mtu mzima humpi mkono wa kushoto, ni tusi. Wangu wa kushoto ulikuwa bado umebanwa mfukoni tangu katikati ya wimbo. Nikautoa, nikaupokea wake.